Fomu ya Kukiri Uhai

Ipo nchi moja, na usiniulize iko upande gani wa dunia, maana jina lake halitajwi bila kibali na ofisi ya vibali hufungwa saa tatu na nusu asubuhi. Watu wa nchi hiyo wanajua kupunga mkono kuliko watu wote walioumbwa. Watoto wao hufundishwa kupunga kabla ya kutambaa. Mgonjwa akifikishwa hospitali, kitu cha kwanza kupimwa ni kama mkono unainuka. Ukiinuka anaambiwa hana tatizo, arudi nyumbani. Na kila tarehe tisa ya mwezi wa sita taifa zima hujipanga barabarani kuadhimisha Siku ya Kupunga, kuwakumbuka wanawake mia tatu na kumi wa Kiwanda cha Korosho cha Taifa, ambao miaka arobaini na moja iliyopita, kwa hiari yao na kwa furaha isiyo kifani, walitoka kumpungia Baba wa Utulivu msafara wake ulipokuwa ukipita.

Ushahidi upo. Ni picha. Imo katika kitabu cha darasa la pili, imo kwenye stempu, imebandikwa ukutani katika kila choo cha serikali. Mikono mia sita na ishirini, yote juu.

Bi Mashavu Tindwa yumo katika picha ile, mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, kilemba kimemlegea. Maelezo ya chini yanasema anaimba.

Hakuwa anaimba.

Aliyewahi kubangua korosho anajua habari yake. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayochoma kama tindikali. Ukibangua bila glavu, mwezi wa kwanza ngozi ya vidole inababuka. Mwezi wa pili inababuka ile iliyoota. Mwaka ukiisha vidole vimekuwa laini kama yai la kuchemsha, havina mstari hata mmoja. Wanawake wale walijipaka majivu, wakajipaka mafuta ya nyonyo, haikusaidia. Wakaomba glavu. Waliomba kwa barua miaka minne, na kila barua ilijibiwa kwa barua ya kuwashukuru kwa barua yao. Mwaka wa tano wakaacha kuandika. Wakatoka nje, wakasimama barabarani, wakainua viganja vilivyobabuka ili mwenye nchi avione kwa macho yake. Hiyo ndiyo kupunga yenyewe.

Mwenye nchi alipunga pia. Msafara ukapita, na nyuma ya msafara yakaja magari mengine, yasiyokuwa na bendera.

Sasa, msidhani wanawake wale walikuwa wajinga. Wengi hawakumaliza hata darasa la nne, lakini akili ya kuishi na serikali walikuwa nayo. Walijua polisi wana orodha ya majina. Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya kutoka, walikaa kwenye banda la kukaushia wakapeana mapacha. Kila mmoja na pacha wake. Ukikamatwa, hutaji jina lako, unataja la pacha wako. Polisi wakidhani wameshamkamata wanayemtafuta, hawamtafuti tena, naye anapata nafasi ya kukimbia. Na kama wangetaka kuhakikisha kwa alama za vidole? Wangezitoa wapi? Alama zenyewe serikali ilishazichukua kiwandani, bila risiti.

Mpango ulikuwa mzuri. Walikubaliana wapigwe vipi na wanyamaze vipi. Walikubaliana nani atalea watoto wa nani. Walikubaliana kwamba siku wakitoka, kila mtu atarudishiwa jina lake. Kitu kimoja tu hakikuwajia, nao walikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu: kwamba pacha anaweza asitoke.

Pacha wa Mashavu aliitwa Sikudhani Kolowa, msichana mrefu aliyekuwa akicheka hata akikatika kidole. Kati ya wawili hao, ndiye aliyekamatwa. Katika orodha ya polisi jina la Mashavu Tindwa lilipigiwa mstari mara mbili, maana ndiye aliyeandika zile barua. Walipomuuliza Sikudhani wewe nani, akajibu, "Mashavu Tindwa, kwani mlikuwa mnamtafuta nani?" Wakafurahi. Wakampeleka Nyumba ya Mashauriano. Siku ya tatu Mashavu Tindwa akafa. Hati ya kifo inasema alianguka kutoka kwenye kiti alipokuwa amesimama. Akafukiwa uani, nyuma ya stoo ya matairi, na waliomfukia ni haohao walioshauriana naye.

Kwa hiyo Mashavu, ambaye alikuwa ameshakufa kiserikali, alienda kuishi kwa mama yake Sikudhani. Angeenda wapi? Akawa Sikudhani. Akapata kitambulisho cha Sikudhani, akatibiwa kwa jina la Sikudhani, akazeeka kwa umri wa Sikudhani. Na mama mtu, Mama Nyamizi, hakuweka matanga. Angelia vipi? Majirani wangeuliza unamlilia nani, na binti yako huyo hapo anateka maji? Watu walipompa pole ya bure, kwa mafua au kwa mbuzi aliyepotea, alikuwa akigeuka haraka akaingia ndani. Miaka arobaini na moja. Hesabuni wenyewe ni asubuhi ngapi hizo za kuamka na kutolia.

*

Mwaka huu serikali ikatangaza Mwaka wa Kuwakubali Wazee. Redio ikasema: yeyote aliyeshiriki Kupunga kwa Kihistoria afike Idara ya Mashujaa Waliokubaliwa, aje na mkono wake, apewe medali.

Bi Mashavu akavaa vizuri, akaenda. Medali hakuitaka. Mama Nyamizi alikuwa ametimiza miaka tisini na mmoja, na mwezi uliopita alikuwa amesema, huku anachambua mchele, kama mtu anayezungumzia mvua, "Ningepata hata mfupa mmoja wa mwanangu nikaukalia matanga, ningekufa nimeshiba." Lakini Bi Mashavu hakuweza kula mchele ule.

Mkurugenzi wa Idara aliitwa Mheshimiwa Fidelis Kwangwaru. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya tukio, na kwa hiyo, kama alivyopenda kusema, hakuwa na upendeleo wowote. Alipomwona mzee anaingia alisimama, akampungia.

"Shikamoo, bibi yangu! Karibu nyumbani kwa mashujaa."

"Marahaba, mwanangu."

"Jina lako tafadhali, kwa ajili ya taifa."

"Mashavu Tindwa."

Mheshimiwa akavua miwani. "Ah. Yule marehemu. Tusimame dakika moja."

Wakasimama. Karani, dada mmoja aitwaye Chausiku, akasimama pia na kikombe chake cha chai mkononi. Dakika ilipokwisha Mkurugenzi akakaa, akauliza kwa upole, "Ulikuwa ndugu yake?"

"Ndiye mimi."

Chai ya Chausiku ikamwagika.

"Bibi," akasema Mkurugenzi, "hilo haliwezekani. Mashavu Tindwa ni Shujaa Marehemu Namba Moja. Tuna Chuo cha Askari wa Kutuliza Ghasia cha Mashavu Tindwa. Mimi mwenyewe nilikata utepe. Wana wimbo wa chuo! Vijana wanahitimu pale mia nne kwa mwaka, wanajua kupiga bila kuacha alama, na wote wanakuenzi wewe. Yaani yeye. Chausiku, leta mashine."

Mashine ikaletwa. Bi Mashavu akaweka kidole gumba. Mashine ikawaza, ikapiga mluzi.

"Inasemaje?" akauliza Mkurugenzi.

"Inasema hajazaliwa, Mheshimiwa."

"Weka kingine."

Akaweka vyote kumi. Mashine ikazidi kukataa, na mwishoni ikazima yenyewe kwa aibu.

"Ni mafuta ya korosho, mwanangu," akasema Bi Mashavu. "Tuliomba glavu."

"Mlipunga," Mkurugenzi akamsahihisha.

Basi ikabidi aeleze yote, na akaeleza: banda la kukaushia, mapacha, majina, kiti, uani nyuma ya stoo ya matairi. Alieleza polepole kama mtu anayeteremsha mzigo kichwani bila msaidizi. Mwisho akasema, "Mifupa iliyo pale ni ya Sikudhani Kolowa. Nataka apewe mama yake, na jina lake. Sitaki kingine."

Mkurugenzi akafungua faili mbili, akaziweka sambamba. Kwa muda mrefu alitazama moja, akatazama nyingine.

"Lakini Sikudhani Kolowa yu hai," akasema. "Tena ni mwananchi hodari. Uchaguzi uliopita alimpigia kura Baba wa Utulivu mara nne."

"Mimi sijapiga kura maisha yangu."

"Ndiyo maana tulikusaidia." Akageuza karatasi. "Shida ni hii hapa. Mashavu Tindwa alihukumiwa miaka kumi na miwili, kosa la kukunja uso mbele ya msafara."

"Alihukumiwa lini?"

"Miezi miwili baada ya kufa. Jaji alisema kifo si kisingizio. Ila serikali yetu ina huruma, marehemu hawalazimishwi kutumikia." Akamwinulia macho, na safari hii hakupunga. "Mimi sina neno na ukweli wako, bibi. Mafaili ni mawili: mmoja hai, mmoja maiti. Ukitaka maiti awe Sikudhani, itabidi Mashavu awe hai. Kuna Fomu ya Kukiri Uhai, hii ya bluu. Ukiijaza, mama atapewa mabaki ya mwanawe kesho yake. Na wewe utakwenda gerezani miaka kumi na miwili. Una umri gani?"

"Sitini na saba."

"Au," akasema Mkurugenzi akitabasamu, "uwe Sikudhani hivyohivyo ulivyozoea. Upate medali, kiti chenye kivuli uwanjani, na usafiri wa kwenda na kurudi. Mimi kama mwanao nakushauri uchukue kivuli."

*

Mama Nyamizi alikuwa barazani anamenya mihogo. Macho yalikuwa yamefifia lakini kisu kilijua njia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Umewajibu nini?"

"Nimesema nitarudi."

"Usirudi."

"Mama."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo, naijua. Hiyo ndiyo sauti uliyoandikia zile barua zenu." Akatupa ganda. "Nikupoteze wewe ili nipate mifupa? Mifupa itanitekea maji? Itanikuna mgongo?"

"Ulisema mwenyewe, ungepata hata mfupa mmoja."

"Mtu akichambua mchele anasema mengi! Ningesema nataka tembo ungeniletea tembo?"

Bi Mashavu akacheka, na mama mtu akacheka pia, meno yake mawili yakaonekana. Jirani akapita, akasalimia, "Bi Sikudhani, mama hajambo?" Bi Mashavu akajibu hajambo. Jirani akaenda zake.

"Unasikia?" akasema Bi Mashavu. "Kila siku ananiita. Kila siku naitika. Kila nikiitika ni kama namkanyaga pale alipo. Alilichukua jina langu siku tatu, likamuua. Mimi la kwake nimekaa nalo miaka arobaini na moja, nakula nalo, nalala nalo. Nimechoka kula chakula chake, mama."

"Hakukupa ili ukafungwe. Alikupa ukae."

"Nimekaa. Nimekaa ya kutosha watu wawili."

Mama Nyamizi akaokota muhogo mwingine, akautazama, akaurudisha bila kuumenya. Mikono yake ilikuwa mikavu, na vidole vyake navyo vilikuwa laini, maana alibangua kabla ya binti yake.

"Mimi sijawahi kukuchukia," akasema. "Ule mwaka wa kwanza nilijaribu. Nilikuwa nakuangalia unavyolala, nasema, mbona amerudi huyu asirudi yule. Ukaumwa malaria, nikakesha na wewe, ikaishia hapo."

"Najua. Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia?"

"Ulikuwa unasema kwa sauti, mama."

Barabarani wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wakifanya mazoezi ya sherehe, wanapunga kwa filimbi: moja, mbili, kushoto, moja, mbili, kulia. Mama Nyamizi akawasikiliza mpaka wakapotelea mbali. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Huko gerezani wanatoa blanketi?"

"Sijui."

"Chukua lile langu la mistari. Lile ni zito."

*

Fomu ya bluu ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Iliuliza mwombaji alianza lini kuwa hai, kwa sababu gani, nani alimshawishi, na kama anatarajia kuendelea. Bi Mashavu alijibu yote. Ukurasa wa mwisho ulitaka alama ya kidole.

"Hana," akasema Chausiku.

Mkurugenzi akafikiri. "Weka cha kwako."

"Mheshimiwa! Fomu hii ina miaka kumi na miwili ndani yake."

"Dada, serikali haina haja ya kujua kidole ni cha nani. Serikali ina haja ya kidole."

Chausiku akamtazama Bi Mashavu. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Nisamehe, bibi," akanong'ona, akabonyeza. Mashine iliyokuwa imekataa vidole kumi ikakubali hicho kimoja kwa mlio wa furaha. Tangu dakika ile Mashavu Tindwa akawa hai kisheria, na askari wawili waliokuwa wamekaa nje wakaingia kumkamata kwa kosa hilo.

Chuo hakikubadilishwa jina. Mkurugenzi aliitisha waandishi wa habari akaeleza kwamba mtu aliyekufa kwa mujibu wa sheria hafufuki kwa mujibu wa ukweli, na kwamba marehemu shujaa Mashavu Tindwa na mfungwa Mashavu Tindwa ni watu wawili tofauti wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa heshima. Waandishi wakapunga.

Lakini ahadi ya mifupa ilitimizwa, tusiseme uongo. Walifukua nyuma ya stoo ya matairi, wakaitia katika sanduku la mbao, wakalifikisha kwa Mama Nyamizi saa nne asubuhi pamoja na karatasi. Karatasi ilikuwa Kibali cha Kilio. Kiliruhusu dakika ishirini za kulia, sauti ya wastani, wanawake wasiozidi kumi na watano, bila kutaja kiwanda wala kiti. Na kwa huruma ya pekee, mfungwa aliruhusiwa kuhudhuria akiwa na pingu.

Aliletwa na gari la magereza. Mlinzi wake alikuwa koplo msichana, nadhifu, aliyehitimu Chuo cha Mashavu Tindwa mwaka jana tu. Njia nzima hakujua amwite nani. Mwishowe alipata neno.

"Bibi Marehemu, pingu hazikubani?"

"Zinabana, mjukuu wangu."

"Pole. Tumefundishwa zibane."

Wanawake kumi na watano walikuwa wameshakaa mkekani, wote vikongwe, wote mikono mitupu isiyo na mistari. Kila mmoja alikuwa pacha wa mtu ambaye hakutoka. Nje ya uzio walikuwepo wengine, wengi, ambao kibali hakikuwataja, wamesimama juani. Sanduku lilikuwa katikati. Juu yake fundi alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: SIKUDHANI KOLOWA. Mama Nyamizi alipitisha kidole juu ya maandishi yale, herufi moja moja, ingawa hakujua kusoma.

Ofisa wa Idara akatazama saa. "Mfiwa, unaweza kuanza."

Mama Nyamizi akavuta pumzi. Wanawake wakainamisha vichwa. Bi Mashavu akafumba macho.

Hakikutoka kitu.

Akavuta tena. Kifua kilipanda, kikashuka. Uso ulikunjamana, shingo ikatoa mishipa, lakini ilikuwa kama kisima kilichofunikwa zege. Alimtazama Bi Mashavu kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mwanangu," akasema, "hakiji."

"Usikilazimishe, mama."

"Nilikiweka wapi? Nilikuwa nacho!"

"Dakika kumi na mbili zimebaki," akasema ofisa.

Wakasubiri. Hakuna aliyethubutu kulia kabla ya mama wa maiti. Inzi walitua kwenye sanduku, wakaruka. Mama Nyamizi alikaa na kiganja chake juu ya jina la mwanawe, amekauka. Dakika tano. Dakika mbili. Ofisa akapuliza kipenga, akatoa kalamu, akaandika katika taarifa yake: Mfiwa ameonyesha utulivu wa hali ya juu kabisa, anapendekezwa kupewa medali.

Bi Mashavu aliinama akaweka shavu lake kwenye shavu la Mama Nyamizi. Mikono ilikuwa na pingu, hakuweza kumkumbatia. Koplo akamgusa bega. Wakampandisha garini, ofisa akakaa mbele na dereva, gari likaondoka.

Walikuwa wamefika kwenye kona ya mashine ya kusaga ndipo kilipokuja.

Kwanza Bi Mashavu alidhani ni mnyama. Ilikuwa sauti moja, nyembamba, kuukuu, inayopanda na haijui kushuka. Ilipanda juu ya mabati, juu ya mashine ya kusaga, ikaita jina. Ikaita jina tena. Kisha zikaungana nyingine kumi na tano, na baada ya hapo zikaungana zile za nje ya uzio, ambazo nazo zilikuwa na majina yao, na kila sauti ilikuwa inaita jina tofauti, na kila jina lilikuwa limengoja muda uleule.

Dereva akapunguza mwendo.

"Muda wao umekwisha," akasema ofisa. "Muda wao ulikwisha kabisa!" Akageuka nyuma. "Koplo, gari hili linabeba wangapi?"

"Wanane, afande."

Wote wakasikiliza. Sauti zilikuwa zimefika mpaka barabarani, na sasa zilikuwa zinatoka hata kwenye nyumba ambazo hazikuwa na msiba. Koplo alikuwa amemshika Bi Mashavu mkono. Hakukumbuka kuuachia.

"Wanane hawatoshi," akasema Bi Mashavu.

"Geuza," ofisa akamwambia dereva. "Geuza hivyohivyo."